Siku Undugu Wetu Ulipokaguliwa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye ngazi za ofisi ya halmashauri, nimevaa gauni la kuazima, cheti cha ndoa kwapani, na kando yangu mume ambaye sikujua hata kama chai yake huwa na sukari.

Wengi mmeniandikia. Mmoja ameniita malaya wa kibali cha ujenzi. Namshukuru. Angalau alisoma mpaka mwisho.

Aliyeingia leo asione haya, namvutia kiti. Mimi nashona mapazia. Mume wangu wa kwanza alinitoroka, kisha mwenye nyumba niliyopanga akaiuza na mimi nikiwa ndani. Nikakimbilia kwa Shangazi, dada wa baba yangu, mjane mwenye kiwanja kipana na nyumba kuukuu. Humo nikawakuta wapangaji watatu: Mkunga wa zahanati, kaka yake ambaye ndiye Fundi Bomba, na Mwalimu mstaafu, baba mkwe wa Mkunga, ambaye Mkunga hakumtupa hata baada ya mumewe kufariki.

Ndoto ilikuwa ya Mkunga. Tubomoe nyumba kuukuu, tujenge nyumba ndogo nne kuzunguka ua mmoja, na jiko moja kubwa katikati. Kila mtu na mlango wake, lakini chungu kimoja. Mtu asizeeke peke yake, asiugue peke yake, asile akitazamana na ukuta.

Halmashauri ikasema hapana. Eneo letu limepangwa kuwa la makazi ya familia moja moja: kiwanja kimoja, familia moja, jiko moja. Jiko tulikuwa nalo. Familia ndiyo iliyokosekana.

Na hatukuwa na muda wa kubembeleza. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka, watu wa halmashauri wakaja na rangi nyekundu wakauchora alama ya X. Tusipopata kibali cha kujenga upya, Jumatatu tingatinga linaingia, na sisi tunatawanyika kama vifaranga walioonwa na mwewe.

Sheria ilikuwa na tundu moja tu. Watu wote wakiwa jamaa wa mwenye kiwanja, kwa damu au kwa ndoa, wanahesabiwa familia moja hata wakijengewa nyumba nne. Mwenye kiwanja ni Shangazi. Mwenye damu yake humo ndani nilikuwa mimi peke yangu. Basi nikaolewa na Fundi Bomba. Kwa ndoa hiyo Mkunga akawa wifi yangu, na baba mkwe wake akaburutwa nyuma kama behewa la mwisho. Nyumba nne zikaning'inia kwenye kidole changu cha pete.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nifuateni jikoni.

*

Bwana Mita alikuja asubuhi, viatu vinang'aa, mkanda wa kupimia kiunoni kama bastola. Ndiye afisa wa mipango miji wa eneo letu. Jina hilo tulimpa sisi, siku alipopima kutoka ukutani hadi kwenye uzio, kisha akapima kutoka kwenye uzio hadi ukutani, eti ahakikishe njia ya kurudi ni ileile.

"Leo sikuja kupima ukuta," alisema akivuta kiti. "Leo nimekuja kupima undugu. Mjini siku hizi watu wanaokotana sokoni, wanajiita familia, wanajenga bweni."

"Karibu chai, Bwana Afisa," alisema Mkunga.

Tulikuwa tumejiandaa. Nguo za Fundi Bomba tulizihamishia chumbani kwangu. Majina tuliyokuwa tumeyabandika kwenye makopo ya sukari tuliyabandua. Familia haibandiki majina kwenye sukari. Mwalimu alifundishwa kuniita mwanangu, akafanya mazoezi mpaka sauti ikamkauka.

Bwana Mita alianza na sisi wawili.

"Bibi, mumeo anakoroma?"

"Hapana," nikasema.

"Ndiyo," akasema Fundi Bomba, kwa wakati uleule.

Bwana Mita akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua nyanya.

"Anakoroma kama pampu iliyonyonya hewa," alidakia Shangazi kutoka kwenye kona yake. "Huyu mwanamke hasikii kwa sababu yeye ndiye mwenye kuzidi."

Mwalimu alikohoa chai puani. Bwana Mita akatabasamu kidogo, na mimi nikapumua. Shangazi akitaka kukuokoa anakuokoa. Hilo lazima niliseme, maana baadaye mtamchukia.

Na Fundi Bomba? Niseme kweli, kwa kuwa ukurasa huu ni wa kweli. Sikumpenda mtu yule wakati wa kutia sahihi. Lakini tangu siku ile alikuwa akinichotea maji ya moto na kuyaacha mlangoni bila kugonga. Bomba la chumbani kwangu lililokuwa likidondoka, siku moja nikaona limenyamaza. Hakusema yeye. Sikuuliza mimi. Ila nilikuwa nimeanza kuzijua hatua zake ukumbini, na nilipozisikia nilipunguza mwendo wa cherehani.

Basi. Turudi mezani.

Mayai yakaletwa, na mkate. Tukaanza kula, na hapo ndipo tulipojichimbia kaburi kwa vijiko.

"Wifi, samahani, naomba chumvi kama haitakusumbua," alisema Mkunga.

"Hainisumbui hata kidogo. Hii hapa."

"Asante sana."

"Karibu sana."

"Mzee, nikuongezee chai?" aliuliza Fundi Bomba.

"Ukipenda tu, mwanangu. Usijisikie kulazimika."

"Silazimiki, nafurahia."

"Nakushukuru kwa kufurahia."

Bwana Mita aliacha kutafuna.

"Huwa mnaongea hivi kila siku?"

"Kila siku!" Mkunga aling'aa kama sufuria mpya. Hapa ndipo ilipokuwa fahari yake. "Tuna utaratibu wetu, Bwana Afisa. Hakuna kupaza sauti. Mtu akikwazwa anamwambia mwenzake, 'Uliposema vile niliumia.' Na mwenzake anamshukuru."

"Anamshukuru?"

"Kwa kumwambia. Ndiyo."

Bwana Mita akaweka uma chini, polepole.

"Mama, mimi nimekagua familia tangu nikiwa na nywele. Nimerushiwa sufuria. Nimekuta ndugu wawili wamegawana kochi kwa msumeno. Nimemkuta bibi anaficha meno ya bandia ya babu ili babu asile." Akatuonyesha kidole, mmoja mmoja. "Sijawahi kukuta familia inayoombana chumvi. Hapa nimeingia nyumba ya wageni. Na nyumba ya wageni hairuhusiwi eneo hili."

Akasimama, akaanza kufunga mkanda wake.

Mkunga akageuka rangi. Akanibana paja chini ya meza. "Gombaneni," akanong'ona. "Gombaneni, jamani!"

Fundi Bomba akapiga meza. Akaipiga pole, asimwage chai.

"Wewe mwanamke! Kwa nini umeacha taa ya bafuni inawaka?"

"Samahani," nikasema.

Mkunga akanikanyaga.

"Yaani, siombi samahani! Taa ni yako?"

"Si yangu," alisema Fundi Bomba akinywea. "Ni yetu sote."

"Na mimi nimechoka!" alifoka Mwalimu, akasimama na leso yake shingoni.

"Umechoshwa na nini, Baba?" Mkunga alimuuliza kwa matumaini.

Mwalimu akafikiri. "Bado natafuta."

Bwana Mita alicheka kwa pua, akachukua begi lake. Nililiona tingatinga kabisa, likiingia kupitia chumba changu, likipanda juu ya mapazia niliyokwisha kuyashona kwa madirisha ambayo hayajawekwa, ya nyumba ambayo haijachimbwa msingi.

"Kaa chini, kijana."

Alikuwa Shangazi. Bwana Mita ana upara na wajukuu, lakini alikaa.

"Hawa hawajui kugombana," alisema Shangazi. "Walilelewa na vitabu. Ngoja nikuonyeshe." Akageuza kiti chake, mbao ikalia sakafuni, akanikabili mimi. "Huyu unayemwona ni damu ya kaka yangu. Alikuja kwangu na cherehani, sanduku, na machozi ya kumwagilia bustani. Mume wa kwanza kamtoroka, na mimi simlaumu. Mwanamke gani anapima madirisha ya wenzake mjini kote, na la chumbani kwake linazibwa na kanga?"

Nikaelewa. Nikamdakia mpira.

"Afadhali kanga yangu, Shangazi. Wewe unafungia sukari kabatini, na funguo unalala nazo kifuani. Mwizi wa kuja huko atoke wapi?"

"Sukari yangu!"

"Ya sisimizi! Wao ndio wanaoionja!"

Bwana Mita akafungua begi, akatoa kalamu. Mwalimu akakaa vizuri kama mtu aliyekata tiketi. Fundi Bomba alikuwa ameinamisha uso ndani ya kikombe, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nilifurahia. Kwa nini nidanganye? Tangu nihamie pale nilikuwa nimesema asante nyingi mno, zilinikaa kooni kama miba ya samaki. Kila nilichokitapika kiliniacha mwepesi.

"Unajifanya mjane mwenye huzuni," nikaendelea, "na marehemu ulimfokea mpaka akiwa kitandani hospitali. Watu walidhani daktari anafukuza mgonjwa!"

Shangazi akaacha kutabasamu. Sikuona. Au niliona, nikapita.

"Wewe unaniambia mimi habari ya waume?" alisema. "Wewe? Mumeo wa kwanza alirudi."

Kijiko cha mtu kikagonga sahani.

"Alirudi," alisema tena, taratibu, kama anayemega mkate. "Alisimama pale getini, mvua inamnyeshea, ameshika vile viatu vyako vyekundu alivyotoroka navyo. Akauliza kama upo. Nikamwambia umeolewa na mwenye malori. Akaviacha viatu, akaenda. Nikampa mzoa taka."

Sikujua tena kama tulikuwa tunaigiza. Nilitazama mdomo wake nione kama utacheka.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Chumbani. Cherehani ilikuwa inalia, hukusikia."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Kwa nini?" Sauti ikampanda. "Ungemfuata! Ungemfuata kama mbwa, na mimi ningebaki na nani?"

Fundi Bomba alisimama. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu wa spana, akasema kwa upole, "Mke wangu, basi. Yametosha."

Nikamgeukia yeye kwanza. Alikuwa karibu zaidi.

"Toa mkono! Mke wako nani? Mimi niliolewa na paa. Tangi la maji lingekuwa na paa, ningeolewa na tangi. Lisingetafuna kwa kelele."

Mkono ukaondoka begani pangu. Mkunga alifumba macho, akidhani siri imemwagika. Lakini Bwana Mita akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwanamume anayemhurumia mwanamume mwenzake.

"Wake wote husema hivyo," alimwambia Fundi Bomba. "Wangu alisema angeolewa na friji."

Sikungoja. Nilikuwa na neno moja zaidi, na hilo nilikuwa nimelitunza muda mrefu, nikijiapiza nitazikwa nalo. Nikalitoa.

"Unaogopa kubaki peke yako, Shangazi? Umechelewa. Mwanao hakufuata kazi ng'ambo. Alikukimbia wewe. Mimi ndiye niliyemsindikiza siku ile. Unajua aliniaga vipi? Alisema, 'Binamu, mama akifa, nipigie simu. Lakini nipigie baada ya mazishi.'"

Shangazi alivuta kikombe chake, akatia sukari, akakoroga. Akakoroga mpaka kila mmoja wetu akakisikia kijiko. Hakulia. Angelia ningepiga magoti. Ningepiga magoti pale pale, msomaji, usinitazame hivyo.

"Naam," alisema Bwana Mita, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichotumwa. "Naam! Hii sasa ni familia. Maneno kama haya mtu haazimi."

Akafunua karatasi zake, akaanza kuandika. Mkunga alinishika mkono chini ya meza, akaubonyeza. Machozi yalikuwa yanamtoka na huku anatabasamu. Tumepata, alikuwa anasema ule mkono. Umeua, lakini tumepata.

"Limebaki swali la mwenye kiwanja," alisema Bwana Mita. "Ni la kawaida tu. Mama, unawatambua hawa wote kuwa ni jamaa zako?"

"Mmoja mmoja," alijibu Shangazi, "au kwa mafungu?"

"Kama upendavyo."

Akamtazama Mwalimu. "Huyu namtambua." Akamtazama Mkunga. "Namtambua. Alinikanda mguu mwaka mzima." Akamtazama Fundi Bomba. "Mkwe wangu. Namtambua."

Akanifikia mimi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango.

"Huyu simjui."

"Shangazi!" Mkunga aliruka.

"Mama," alisema Bwana Mita, kalamu ikiwa imesimama, "bila huyu, hao wengine watatu ni wageni. Wameingia kwa mgongo wake."

"Shangazi, ni hasira tu," Mkunga alimsihi. "Sote tulikuwa tunaigi..." Akajiuma ulimi. "Tulikuwa tunapandisha sauti."

"Sina hasira. Hasira inamjia mwenye kutegemea kitu." Akanywa chai. "Bwana Afisa, sheria yako inasema damu au ndoa. Ndoa ya nani?"

"Yoyote iliyo halali."

"Mimi ni mjane. Mwalimu hapa ni mjane." Akasema kama mtu anayesoma bei ya vitunguu. "Nikiolewa na Mwalimu, huyu Mkunga ni mkwe wake, kaka yake yuko nyuma yake. Inapita?"

Bwana Mita akakuna upara. Akahesabu kwa vidole, akaenda mbele, akarudi nyuma, kama kawaida yake.

"Inapita," alisema. "Mkinithibitishia hapa mbele yangu, cheti cha ndoa mtakileta kabla ya Jumatatu. Inapita hata vizuri zaidi ya ile ya kwanza."

"Basi huyu hatumhitaji."

Ndugu zangu, nimeachwa na mume. Nimeuzwa pamoja na nyumba kama bawaba. Lakini sijawahi kuona kitu kama uso wa wifi yangu wakati ule. Ulibadilika mbele yangu, polepole, kama maziwa yanayokatika. Nilimwona akipiga hesabu ya ndoto yake bila mimi, na hesabu ikamkubalia.

Akaniachia mkono.

"Wifi," alisema, kwa sauti yake laini ya wodini, ileile ya kuwaambia wanawake wasukume, "najua hili linakuumiza. Nakushukuru kwa kulipokea. Begi lako liko juu ya kabati."

"Unanishukuru?"

"Kwa moyo wote."

Nilitaka kumtukana, nikakuta matusi yamekwisha. Yote nilikuwa nimeyatumia kwa watu wangu.

Niliingia chumbani. Nikachukua begi, nikatia nguo bila kuzikunja. Mashati ya Fundi Bomba yalikuwa yamening'inia kwenye msumari wangu. Nikayapita kwa mbali, nikayagusa hivyohivyo. Cherehani sikuweza kuibeba. Nikarudi jikoni, maana mlango wa kutokea upo jikoni. Hata kufukuzwa kwangu kulibidi kupite mezani.

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Mita. "Kuna tatizo dogo. Huyu bwana ni mume wake kwa cheti. Siwezi kuandika mume anaishi hapa na mkewe anaishi sijui wapi. Mke na mume ni kaya moja." Akamgeukia Fundi Bomba. "Kwa hiyo useme, bwana. Ukiwa naye, unatoka naye. Ukisema mmeachana, nitaandika mmeachana, mengine mtayamaliza mahakamani. Unabaki kwa jina la dada yako."

Fundi Bomba alikuwa ameondoka mezani tangu nilipomwambia atoe mkono. Alikuwa amesimama kando ya sinki, anafungua na kufunga bomba ambalo halikuwa na tatizo.

"Kaka," alisema Mkunga. "Sema tu mmeachana. Ilikuwa ni karatasi."

Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama begi.

"Nakuuliza swali moja," alisema. "Yale uliyoniambia. Uliyasema kwa ajili ya afisa, au uliyamaanisha?"

"Unamuuliza mbele ya afisa?" Mkunga alipiga kelele.

"Namuuliza."

Pimeni, ninyi mnaoniandikia. Nikisema niliigiza, mtu yule atachukua sanduku lake la spana anifuate barabarani. Nilimjua kiasi hicho. Angenifuata, na angelala chini ya turubai, na angenichotea maji ya moto sijui kutoka wapi. Miaka yote aliyopanga vyumba vya watu, nyumba yake ya kwanza maishani ingekuwa moja ya zile nne. Alikuwa amekwisha kuichora mabomba yake yote, hadi la nje la kunawia miguu.

Nikisema nilimaanisha, atakuwa na nyumba.

"Nilimaanisha," nikasema.

"Yote?"

"Lile la tangi hasa."

Alitikisa kichwa. Akalifunga bomba, akalikaza kama lililokuwa likivuja.

"Andika tumeachana," alimwambia Bwana Mita.

Kalamu ikapanda hewani, ikatafuta mahali pa kutua. Mimi nikashika kitasa cha mlango. Mkunga akashusha pumzi. Shangazi akamega mkate.

"Mmemaliza?"

Tuligeuka wote. Alikuwa Mwalimu. Tulikuwa tumemsahau pale, na leso yake shingoni na yai lake limepoa.

"Nauliza, kwa sababu nimekaa hapa nasikia naozeshwa kama beberu, na hakuna aliyeniuliza kama nataka."

"Baba," alisema Mkunga, akicheka kwa woga, "ni utaratibu tu. Utabaki chumbani kwako, na..."

"Sitaki."

"Baba!"

"Nilioa mara moja. Mke wangu alikuwa hawezi kumfukuza paka jikoni. Alipofariki nililia mpaka majirani wakahama." Akavua miwani, na bila miwani alionekana mzee sana. "Leo nimemwona mtu akimfukuza binti wa kaka yake huku anakoroga sukari. Nikalale chumba kimoja naye? Siku nikikosea, nitaambiwa begi langu liko juu ya kabati lipi?"

"Tingatinga linakuja Jumatatu!" Mkunga alipaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kumsikia akiipaza. "Jumatatu, Baba! Utalala wapi?"

"Litanikuta nimekaa. Nitalisalimia."

Bwana Mita akashusha kalamu, akaiweka mezani bila kuandika kitu.

"Basi mniambie," alisema. "Mama hana mume. Mpwa hatambuliwi. Mume na mke wameachana. Nimwandike nani hapa? Paka?"

Niliona wote wakifika mahali pamoja, mmoja baada ya mwingine. Mkunga alitangulia, akili yake daima hutangulia. Akageuza macho mlangoni. Fundi Bomba akafuata, kisha Mwalimu. Damu ya mwenye kiwanja ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa na begi mkononi.

Wa mwisho alikuwa Shangazi. Alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja. Kisha akanitazama, na kwa sauti ileile aliyonipokea nayo siku nilipokuja na sanduku langu, akasema:

"Mwanangu."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Mwanangu, njoo ukae. Chai yako inapoa."

Mkunga alikuwa amekwisha kunivutia kiti. Alikishika kwa mikono miwili, kama anayemshikia mgonjwa.

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Mita, safari hii bila dharau. Akaichukua kalamu, akaigeuzia kwangu ncha. "Mwenye kiwanja nimemsikia. Sasa nakuuliza wewe uliye mlangoni. Huyu mama, wewe unamtambua?"

Niliweka begi chini. Jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusema mtu akiwa amebeba kitu.